Kujua na Kuogopa: Hipokampasi, Amigdala na Lugha ya Moyo

Katika Kiswahili, moyo ndio makao ya mengi. Mtu huhifadhi shairi kwa moyo, huingiwa na hofu moyoni, na kinyongo chake hukiweka mumo humo. Sayansi ya ubongo imezihamishia shughuli hizi kichwani, ila haikuzitia zote katika chumba kimoja. Makala haya yanadhamiria kuonyesha kwamba kulikumbuka tukio na kuingiwa na hofu inayotokana nalo ni kazi za sehemu mbili tofauti, japo zimepakana.

Sehemu ya kwanza ni hipokampasi, iliyo ndani ya ubongo, kila upande wa kichwa. Mbele yake tu pana amigdala, yenye umbo la lozi. Na lozi ndiyo maana ya jina hilo katika Kigiriki.

Dhima ya hipokampasi ilibainika kupitia masaibu ya Henry Molaison, Mmarekani aliyeugua kifafa. Mwaka 1953, daktari William Scoville alimpasua na kumwondolea sehemu kubwa ya hipokampasi zote mbili, na amigdala karibu zote. Kifafa kilipungua, lakini hadi alipofariki mwaka 2008 hakuweza kuhifadhi kumbukumbu ya matukio mapya. Hata hivyo, mwanasaikolojia Brenda Milner alipomfunza kuchora nyota akiutazama mkono wake kwenye kioo, ustadi wake uliongezeka siku baada ya siku, ilhali hakukumbuka kuwahi kuifanya kazi hiyo. Kiswahili kina kitenzi mwafaka hapa: Molaison alizoea asichokikumbuka.

Je, hofu nayo? Mwaka 1995, Antoine Bechara na wenzake, huko Iowa, walichapisha matokeo ya utafiti kuhusu wagonjwa watatu. Walionyeshwa rangi mbalimbali, mojawapo ikifuatwa na mlio mkali wa honi. Mgonjwa ambaye amigdala zake zilikuwa zimeharibika aliweza kuitaja rangi iliyotangulia honi, lakini ngozi yake haikuonyesha dalili yoyote ya kushtuka alipoiona. Yule aliyeharibikiwa na hipokampasi alikuwa kinyume chake: ngozi ilishtuka, ila mwenyewe hakuweza kueleza ni rangi ipi. Wa tatu, aliyepoteza zote mbili, hakujua wala hakushtuka. Kwa hivyo, neno "kumbukumbu" limebebeshwa mzigo mzito mno katika vitabu vyetu; linajumuisha ujuzi wa yule wa kwanza na mshtuko wa yule wa pili, mambo ambayo ubongo wenyewe umeyatenganisha.

Ikumbukwe, hata hivyo, kwamba majirani hawa husaidiana. Hisia inapokuwa kali, amigdala huichochea hipokampasi ilihifadhi tukio kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana mtu aliyekuwa Nairobi tarehe 7 Agosti 1998, bomu lilipolipuka, huenda akaeleza alikokuwa amesimama saa hiyo, na asikumbuke lolote la tarehe 6. Uthabiti huo, lakini, si hakikisho la usahihi: masimulizi ya aina hii hubadilika kadiri miaka inavyopita, na msimulizi asitambue.