Kabla Hujalihama Kanisa

Dada mmoja wa hapa Kiembeni, Mombasa, alinijia jioni, kitambaa mkononi, macho mekundu. Alikuwa amefiwa na mamake, na wazee wa kanisa lao walifungua daftari la michango kabla ya kufungua Biblia. Marehemu alikuwa na deni la mchango wa jengo. Akaniuliza, "Kaka, nikitoka kanisa hili nitakuwa nimemwacha Mungu?"

Nilimwambia asihame mwezi huo. Uamuzi uliofanywa matanga yakiwa yameanuliwa juzi tu huwa ni wa uchungu, na uchungu hauchagui njia vizuri.

Ukiwa katika hali kama yake, nunua daftari la shule, ugawe ukurasa sehemu tatu kwa kalamu. Upande wa kwanza andika aliyoyasema na kuyatenda Yesu. Wa pili, kanuni za kanisa lako: kipaimara, fungu la kumi, masharti ya ndoa na maziko. Wa tatu, mazoea tu: rangi ya sare ya akina mama, nani akae kiti cha mbele, bahasha kusomwa kwa majina. Utashangaa jinsi mambo mengi yaliyokuumiza yanavyoangukia upande wa tatu. Lakini usiharakishe kuyafuta. Kukesha kwa mfiwa pia ni mazoea, na ndiyo yaliyomshika dada huyu asianguke. Weka alama kwenye linalokusogeza kwa Mungu na jirani, na nyingine kwenye lililobaki kuwa mzigo. Kazi hii ni ya majuma, usiimalize kwa siku moja.

Upande wa kwanza huwezi kuujaza kwa kukumbuka mahubiri. Soma Injili ya Marko mwenyewe. Ina sura 16; sura moja kila alfajiri, kwa sauti, kabla ya simu na kabla ya matatu. Kiswahili cha Biblia ya mwaka 1952 kikikulemea, chukua Habari Njema. Mgiriama asome kwa Kigiriama, maana neno la nyumbani huingia ndani zaidi.

Hofu ya kuvuka mpaka wa dhehebu nayo ipunguze. Ukienda mjini unapita Kengeleni, mahali palipopata jina kwa kengele ya Frere Town, kijiji kilichoanzishwa na wamisheni wa CMS, chama cha Waanglikana wa Uingereza, mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani. Kabla yao alikuja mmisheni Krapf, mwaka 1844, na mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga hapa Mombasa. Miaka miwili baadaye yeye na mwenzake Rebmann wakafungua misheni ya Rabai. Wote wawili walikuwa Wajerumani waliolelewa katika Ulutheri, wakatumwa na chama hichohicho cha Waanglikana. Kuta za madhehebu ambazo bibi zetu walituonyesha kama zilizoshuka kutoka mbinguni zilikuwa fupi tangu mwanzo katika pwani hii.

Kisha mwone mchungaji au padre wako siku ya kazi, si Jumapili mlangoni watu wakimsubiri. Nenda na swali moja lililotoka kwenye daftari. Sema, "Baba, naomba unifafanulie hili." Akikujibu kwa upole, una pa kukaa. Akikufokea kwa kuuliza tu, hilo nalo liandike.

Jambo moja nalisisitiza kwa nguvu zangu zote: usitoke kanisani uende kwa mtu mmoja anayedai kwamba yeye peke yake ndiye anayemsikia Mungu. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ya wafuasi wa mhubiri wa namna hiyo ilifukuliwa msituni Shakahola, hapahapa Pwani. Anayekukataza hospitali, anayewatoa watoto shuleni, anayekutenga na ndugu zako, mkimbie siku hiyohiyo. Tafuta wenzako wawili au watatu wanaoweza kukwambia, "Hapa umekosea," mkutane kila juma sebuleni, msome na kuombeana. Njia yako iwe yako, lakini usiitembee gizani bila mtu.

Dada yule amefika Marko sura ya tisa. Jumapili bado anaenda kanisa lilelile, na deni la mamake hajalilipa. Nawe anza kesho alfajiri, sura ya kwanza.