Je, Mtu Anaweza Kuutawala Ubongo Wake?

Swali: Moyo ukienda mbio nausikia. Mbona ubongo ukifanya kazi sihisi chochote?

Jibu: Ubongo wenyewe hauhisi hata maumivu, ndiyo maana wagonjwa wengine hupasuliwa wakiwa macho, wakizungumza na daktari. Mwaka 1924, huko Jena, Ujerumani, Hans Berger alinasa umeme wa ubongo kwa elektrodi zilizowekwa kichwani. Humo aliliona wimbi la alfa, linalopiga mara 8 hadi 13 kwa sekunde na kukolea mtu anapotulia na kufumba macho.

Swali: Tunaweza kujifunza kulihisi?

Jibu: Ndiyo, na mimi hili bado linanistaajabisha. Mwishoni mwa miaka ya 1950, Joe Kamiya wa Chuo Kikuu cha Chicago alimweka mtu kwenye chumba chenye giza, macho kayafumba. Kengele ikilia, akisie: alfa ipo au haipo? Papo hapo anaambiwa amepatia au amekosa. Siku ya kwanza alipatia nusu tu, yaani alibahatisha. Siku ya nne hakukosea. Hakufundishwa mbinu yoyote. Kujibiwa hapo hapo kulitosha. Baadaye wengine waliweza kulileta wimbi hilo na kulizuia kila walipoombwa.

Swali: Mafunzo ya kuutawala umeme wa ubongo yamemsaidia nani?

Jibu: Mwaka 1999, Niels Birbaumer na wenzake wa Tübingen walieleza habari za wagonjwa wawili waliopooza mwili mzima, wasioweza kusema. Kwa kupandisha na kushusha umeme wa ubongo walichagua herufi kwenye kompyuta, moja baada ya nyingine, wakaandika. Ilikuwa kazi ya polepole mno, lakini maneno yalikuwa yao.

Swali: Mwanangu hatulii darasani. Nimlipie mafunzo haya?

Jibu: Nisingekushauri. Jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2021 liliwagawa watoto wa namna hiyo makundi mawili. Moja lilipewa mafunzo halisi, jingine ya bandia, bila wazazi wala watoto kujua. Yote mawili yalipata nafuu ileile. Fedha hiyo itumie kumwona daktari wa watoto.

Swali: Na mwenye kifafa?

Jibu: Barry Sterman wa Los Angeles alianza mafunzo haya kwa paka, na mwaka 1972 akaripoti mgonjwa wa kwanza aliyepungukiwa na degedege. Utafiti huo una thamani, ila hauchukui nafasi ya tiba. Tafadhali, usiache dawa zako za kifafa bila ruhusa ya daktari.