Kuomba si kosa, kumwombesha mwingine ndilo kosa

Mama mmoja anayeomba karibu na kituo cha matatu katikati ya Nairobi, mwanawe wa miaka tisa asiyeweza kutembea akiwa kando yake, ameuliza: askari wa kanjo wakimpakia kwenye karandinga, ana haki gani?

Mama, Kifungu cha 182 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya hakimgusi anayejiombea mwenyewe. Kinamlenga anayemfanya au kumshawishi mtu mwingine aombe. Ndiyo maana askari wa kaunti hukimbilia sheria ndogo za kero. Hata hapo Katiba iko nawe. Ibara ya 49 inataka uelezwe upesi, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa. Uruhusiwe kuwasiliana na wakili au mtu wa kukusaidia. Na ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au siku ya korti inayofuata. Tena, kosa ambalo adhabu yake ni faini tu, au kifungo kisichozidi miezi sita, halikuweki rumande. Likariri hilo, maana wengi hulala ndani kwa kutolijua.

Sarafu zilizo kwenye kikombe chako ni mali yako. Taja kiasi chake mbele ya wenzako, na udai ziandikwe kituoni. Askari anayekunja noti yako ya mia na kuitia mfukoni ameiba.

Lililo zito ni la mtoto. Sheria ya Watoto humhesabu mtoto anayekutwa akiomba kuwa anahitaji matunzo na ulinzi. Si mhalifu, wala hafai kufungiwa pamoja na watu wazima. Lakini wewe unaweza kushtakiwa kwa kumwombesha, na korti inaweza kuamua akae kwingine. Najua humleti barabarani kwa kupenda. Huna wa kumwachia. Mweleze ofisa wa watoto hivyo hivyo, mapema, kwa kuwa Ibara ya 53 inailazimu korti kutanguliza maslahi ya mtoto.

Usichanganywe na wale wanaowatoa watoto wenye ulemavu Tanzania, wakawaweka kwenye barabara za Nairobi na kukusanya pesa jioni. Hao wanafanya biashara haramu ya binadamu, na sheria ya 2010 inawapa kifungo kisichopungua miaka 30, au faini isiyopungua shilingi milioni 30, au vyote viwili. Mtoto aliyeletwa hivyo hashtakiwi kwa kuwa nchini bila kibali. Ukimwona, piga 116; simu hiyo ni bure.

Sasa njia ya kutoka. Mpeleke mwanao hospitali ya serikali apimwe ulemavu, kisha asajiliwe na Baraza la Kitaifa la Watu wenye Ulemavu. Baadaye nenda kwa chifu au ofisi ya maendeleo ya jamii uulizie Inua Jamii, ambayo hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa wenye ulemavu mkubwa, mayatima na wazee wa miaka 70 na zaidi. Hazitoshi kodi na unga, na inaniuma kuandika hivyo. Hata hivyo si sadaka: Ibara ya 43 inaitaka Serikali imhifadhi asiyeweza kujikimu. Kama huna kitambulisho, au mtoto hana cheti cha kuzaliwa, anzia hapo, kwani ndipo wengi hukwama.

Ukikataliwa, dai sababu kwa maandishi. Ibara ya 47 inakupa haki hiyo. Karatasi hiyo ipeleke kwa Huduma ya Kitaifa ya Msaada wa Kisheria, iliyoundwa kwa sheria ya 2016 kwa ajili ya wasioweza kumlipa wakili.