Togwa ya Mtoto Isikae Katika Chungu cha Pombe



Mwezi huu tujifunze juu ya vinywaji vya nafaka. Hapa kwetu Ufipa ulezi ni ugali, ni uji, ni togwa, na ni pombe pia. Kutoka chakula hadi kilevi ni hatua fupi sana, na mtoto mdogo anaweza kuvushwa hatua hiyo bila mtu yeyote kukusudia.

KISA CHA BIBI NA MJUKUU

Bibi mmoja alimleta hospitali mjukuu wake wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto alikuwa amelegea, ana jasho baridi, haamki vizuri. Tulidhani ni malaria, lakini kipimo hakikuonyesha vijidudu. Sukari katika damu yake ilikuwa imeshuka mno. Nilipomwinamia nilisikia harufu ya pombe. Bibi akashangaa: "Sista, nimempa togwa tu!" Togwa hiyo ilikuwa ya siku tatu, tena ilikaa katika chungu cha pombe. Tulimpa mtoto maji ya sukari kwenye mshipa, akafumbua macho. Bibi yule hakuwa mlevi wala mzembe. Hakujua tu.

TOGWA HUGEUKAJE POMBE?

Uji wa mahindi au ulezi ukipoa hadi kuwa vuguvugu hutiwa unga wa kimea. Kimea hugeuza wanga kuwa sukari, ndiyo maana uji mzito huwa mwepesi na mtamu. Kisha bakteria wazuri huuchachusha. Uchachu wao huzuia vijidudu vya kuharisha. Utafiti uliofanywa Tanzania katika miaka ya 1990 ulionyesha kwamba watoto waliopewa uji uliochachushwa hivyo walikuwa na vijidudu vichache vya kuharisha katika kinyesi. Kwa hiyo togwa safi ni chakula chema kwa mtoto aliyetimiza miezi 6.

Lakini yupo mgeni mwingine, hamira. Yeye hula sukari na kutoa kilevi pamoja na povu. Chungu cha udongo kina vitundu vidogo, na hamira ya pombe hujificha humo hata kikioshwa. Joto nalo huharakisha kazi: togwa ya Bonde la Rukwa huwahi kugeuka kuliko ile ya huku juu kwenye baridi. Mtoto akinywa kilevi, ini lake hushindwa kutengeneza sukari, naye anaweza kupata degedege, kuzimia au kufa.

NDUGU ZA TOGWA NA GONGO

Mataifa mengine wana vinywaji kama vyetu. Waturuki wana boza, kinywaji kizito cha nafaka ndogo kama ulezi wetu, kichachu na kitamu, wanachokunywa wakati wa baridi. Kilevi chake ni kama sehemu 1 tu katika 100. Wana pia raki, pombe ya zabibu inayopatikana kwa kukusanya mvuke, yenye kilevi sehemu 40 au zaidi katika 100. Nasi tuna togwa, tuna kimpumu inayonywewa kwa mirija, na tuna gongo ya mvuke iliyokatazwa na sheria.

Hatari kubwa ya pombe kali za kificho ni methanoli, spiriti ya viwandani ambayo wauzaji wenye tamaa huichanganya humo. Haitambuliki kwa ladha wala harufu. Nairobi mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa kwa pombe ya namna hiyo, na mwanzoni mwa 2025 wengi walikufa Istanbul na Ankara. Dalili huweza kuchelewa hata siku nzima: kutapika, tumbo kuuma, kuhema haraka, macho kuona ukungu. Mgonjwa asiachwe "alale pombe imtoke". Apelekwe hospitali mara moja, kwani akichelewa anaweza kupofuka au kufa.

MAMBO YA KUSHIKA

1. Togwa ya mtoto iwe na chombo chake chenye mfuniko, kisichowahi kutiwa pombe.
2. Tengeneza kidogo, imalizike siku ile ile au kesho yake. Ikitoa povu na harufu ya pombe, usimpe mtoto.
3. Mtoto akinywa pombe na kulegea, mpake sukari kidogo ndani ya shavu, mlaze ubavu, mkimbize hospitali. Usimtapishe.
4. Mama mjamzito asinywe pombe yoyote, hata ya kienyeji.
5. Anayetumia dawa za kifua kikuu aache pombe, ini lake lisije likaumia.

Bwana wetu alihudhuria arusi ya Kana, wala hakuwadharau waliofurahi. Lakini furaha ya wakubwa isimwagikie kikombe cha mtoto.

MASWALI KWA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Nyumbani kwetu togwa ya watoto huhifadhiwa katika chombo gani?
2. Nani hubaki na watoto siku za pombe ya kazi?
3. Tutamsaidiaje mama anayesomesha watoto kwa kuuza gongo apate kazi nyingine?