SOMO LA MALEZI: KUMFUNDISHA MTOTO MDOGO KUPANDA BAISKELI

Ndugu wasomaji, katika somo hili twataka kuwaza pamoja juu ya jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa mchezo tu, yaani kumfundisha mtoto kupanda baiskeli. Twaliita somo kwa kuwa lina utaratibu wake, tena utaratibu ukiachwa madhara yake si madogo. Shirika la Afya Duniani limeonyesha ya kwamba ajali za barabarani huua watu wa umri wa miaka 5 hata 29 kuliko sababu nyingine yo yote. Nasi tukaao pande za Kinondoni na Temeke, watoto wetu hukua karibu na barabara. Hawana mahali pengine pa kukulia.

Yatupasa kufahamu neno moja tangu mwanzo. Mtoto atajifunza, tupende tusipende. Katika mitaa ya Mwananyamala, Tandale, Tandika na Mbagala twawaona watoto wakikodi baiskeli kwa dakika chache kwa fedha kidogo. Kwa sababu dakika zinahesabiwa, hupanda kwa haraka. Wenzao huwasukuma, nao hujua kukanyaga kabla ya kujua kusimama. Wengine huchukua baiskeli kubwa ya baba, wakapitisha mguu chini ya bomba la juu, wakaenda wameinama upande. Basi swali si kama mtoto atajifunza. Swali ni nani atakayemfundisha, na mahali gani.

1. Baiskeli imfae mtoto

Mzazi mwenye fedha chache hupenda kununua baiskeli kubwa, akisema, "Atakua nayo." Nguo kubwa yaweza kukunjwa pindo, lakini baiskeli kubwa haikunjiki. Mtoto akiketi juu ya kiti, nyayo zake zote mbili ziguse chini kabisa. Kwa mtoto wa miaka 3 au 4, gurudumu la inchi 12 hutosha. Wa miaka 5 au 6 aweza kutumia la inchi 16. Hata hivyo urefu wa miguu ni kipimo bora kuliko umri. Baiskeli ya mtumba haina aibu, mradi fundi aikague: tairi zisiwe zimechanika, usukani usilegee, na breki zishike. Tena mtazame kama vidole vya mtoto vyafika kwenye mkono wa breki na vina nguvu ya kuuvuta.

2. Mahali pa kujifunzia

Mchanga wa vichochoro vyetu hukamata gurudumu la mbele na kumwangusha mtoto bila kosa lake. Tafuteni ardhi ngumu iliyo tambarare, au yenye mteremko mdogo sana. Kiwanja cha mpira hufaa asubuhi kabla wachezaji hawajaja. Wakaao karibu na pwani, kama Kunduchi na Kigamboni, waweza kungoja bahari ipwe, maana mchanga uliolowa huwa mgumu. Lakini baada ya hapo mnyororo na rimu zioshwe kwa maji baridi, zikaushwe na kutiwa mafuta, kwa kuwa chumvi hula chuma. Wazee wa kanisa na walimu wa mitaa nao waweza kuufungua uwanja wa usharika siku ya Jumamosi, ikiwa una ua na lango. Kazi hiyo haigharimu hata senti.

3. Kwanza kujisawazisha, pedali baadaye

Hapa ndipo wengi hukosea, maana humpa mtoto kazi mbili kwa mara moja: kukanyaga, na kuizuia baiskeli isianguke. Historia ya chombo chenyewe yatufundisha njia iliyo nyepesi. Mwaka 1817 Mjerumani mmoja, Karl Drais, alipanda katika mji wa Mannheim chombo cha mbao chenye magurudumu mawili. Hakikuwa na pedali. Mpandaji alisukuma ardhi kwa miguu. Pedali zilienea katika miaka ya 1860 kule Ufaransa, na baiskeli ya mnyororo yenye magurudumu yanayokaribia kulingana, mfano wa hizi zetu, ilitolewa na John Kemp Starley katika Uingereza mwaka 1885. Watu wazima walijifunza kujisawazisha miaka mingi kabla ya kukanyaga. Mtoto naye na afuate njia hiyo hiyo.

Basi zitoeni pedali. Mara nyingi spana namba 15 yatosha. Angalieni: pedali ya kulia hufunguliwa kama skrubu nyingine, lakini ya kushoto hufunguliwa kwa kuzungusha kama iendavyo mishale ya saa. Asiyejua hilo huikaza zaidi mpaka nyuzi zake zikaharibika. Kisha mshusheni kiti. Siku ya kwanza mtoto atembee amekaa. Siku zifuatazo asukume kwa miguu miwili, ainue nyayo, aelee hatua tatu, kisha tano, kisha kumi. Hamna haja ya kumhimiza. Furaha yenyewe itamhimiza.

Wengine watauliza juu ya vile vigurudumu viwili vya pembeni. Vyamfaa mtoto kwa kuchezea, lakini havimfundishi jambo lenyewe. Baiskeli haisimami kwa kuwa mpandaji amekaa wima kama mlingoti. Husimama kwa sababu usukani hugeuzwa kidogo kidogo kuelekea upande inakotaka kuangukia, magurudumu yakarudi chini ya mwili. Tena ikikata kona sharti ilale kidogo. Vigurudumu vya pembeni huizuia isilale, na mtoto huzoea kuegemea nje. Siku vinapoondolewa, hana budi kuyasahau aliyoyajua.

4. Breki kabla ya mwendo

Mtoto anapoweza kuelea, msimrudishie pedali bado. Chora mstari ardhini kwa kijiti, umwambie asimame kabla ya kuufikia, asitumie viatu bali breki. Ajue mkono upi wafunga gurudumu la mbele na upi la nyuma, avute yote miwili polepole. Ikiwa baiskeli yake ni ile ya kukanyaga kinyume ili isimame, basi breki atajifunza siku ileile pedali zirudishwapo. Arudie hata mara ishirini. Asiyeweza kusimama hajajua kwenda.

5. Mkono wa mwalimu

Sasa rudisheni pedali. Mzazi asishike usukani kamwe, kwa maana usukani ndio unaomfundisha mtoto, na akiushika yeye, mtoto hajifunzi neno. Amshike mabegani kwa nyuma, au apitishe kanga kifuani chini ya makwapa na kushika ncha zake mgongoni, akikimbia taratibu kando yake. Mkono uwe mwepesi, uzidi kuwa mwepesi kila siku, hata mtoto asijue umeondoka lini. Lakini akiuliza, "Umenishika?" asidanganywe. Mtoto aliyeambiwa uongo juu ya baiskeli hatakuamini utakapomwambia juu ya barabara. Mjibu, "Nakuachia kidogo, nami nipo karibu."

Ataanguka. Wazee walisema, kuteleza si kuanguka. Nasi twasema, kuanguka kwa mwendo wa polepole si kuumia sana, ikiwa amevaa viatu na kofia ngumu kichwani. Msimcheke, wala msimpige, wala msimkemee mbele ya wenzake. Mtoto mwenye hofu hukaza mikono, na mikono iliyokazwa haiwezi kugeuza usukani upesi. Dakika ishirini kwa siku zatosha. Akichoka, acheni mpaka kesho.

Tena tusiwasahau mabinti. Katika nyumba nyingi kaka hufundishwa, dada hubakia kutazama. Hakuna sababu katika mwili wake wala katika akili yake. Binti ajuaye baiskeli atakuwa mama awezaye kuwafundisha wanawe.

6. Barabara ni somo jingine

Hapa twaomba wasomaji wasome kwa uangalifu. Mtoto aliyejua kupanda baiskeli hajajua barabara. Macho yake huona gari, lakini akili yake haijaweza kukadiri mwendo wa gari lile na umbali wake. Uwezo huo huja polepole kwa miaka. Kwa hiyo mtoto mdogo na apande ndani ya ua au kiwanjani, wala asitumwe dukani kwa baiskeli akakatiza Kilwa Road au barabara ya Bagamoyo. Kwenye barabara ya Morogoro mabasi yaendayo haraka yalianza kazi mwaka 2016 katika njia zao wenyewe; njia hizo huonekana tupu, na utupu huo humdanganya mtoto.

Hata vichochoroni, bodaboda na bajaji hutokeza ghafula penye kona. Mfundisheni kusimama kila penye kona, kuweka mguu chini, kutazama kulia, kushoto, na kulia tena, maana kwetu vyombo hupita upande wa kushoto. Afunzwe hayo kwa miguu kwanza, akishikwa mkono kila aendapo shuleni au sokoni. Mwana umleavyo ndivyo akuavyo: mtoto aliyezoea kusimama penye kona akiwa kwa miguu, atasimama pia akiwa juu ya magurudumu.

Basi, ndugu, kazi hii haihitaji fedha nyingi. Yahitaji spana moja, kiwanja kimoja, na mtu mzima mwenye saa moja ya subira. Tusipoitoa saa hiyo sisi, mtoto ataipata kwa mwingine, karibu na magari.

Maswali ya kuzungumza nyumbani na katika mikutano

1. Katika mtaa wetu watoto hujifunzia wapi baiskeli, na nani yupo pamoja nao?
2. Ni kiwanja gani chenye ua kiwezacho kufunguliwa kwa ajili yao siku moja kwa juma?
3. Kwa nini mtoto afundishwe kusimama kabla ya kufundishwa kwenda mbio?