Gari Chakavu la Kujitengenezea Nyumbani: Namna ya Kulichagua

Wapo wananchi wengi wasiomudu bei ya gari lililotoka bandarini, lakini wanajua kushika spana na wana ua la kuegeshea. Hao hununua gari chakavu kwa bei ndogo wakitumaini kulitengeneza wenyewe, kidogo kidogo, kila mwisho wa juma. Baadhi yao hupata usafiri wa familia. Wengine hubaki na bodi juu ya mawe, nyasi zikiota chini yake, na akiba ya miaka imekwisha. Mara nyingi tofauti yao huanzia siku ya kununua, kabla hata nati moja haijafunguliwa. Katika somo hili tunamweleza mlaji namna ya kupambanua kasoro anayoweza kuivumilia na ile anayopaswa kuikataa.

1. Anza na nyaraka

Kasoro ya nyaraka haitengenezwi kwa spana. Kabla ya kufungua boneti, omba kuona kadi halisi ya gari; nakala isikutosheleze, kwa kuwa kadi halisi huenda imewekwa rehani kwa mkopeshaji. Linganisha namba ya chasisi na namba ya injini zilizo kwenye kadi na zile zilizogongwa kwenye gari lenyewe. Zikitofautiana, au chuma kikionekana kimesuguliwa, ondoka. Hakikisha pia kwamba anayeuza ndiye mwenye jina lililo kwenye kadi, au ana mamlaka ya maandishi ya kuuza. Tazama kama gari linadaiwa faini za barabarani. Deni hilo hutafutwa kwa namba ya gari katika mfumo wa Jeshi la Polisi.

Wanunuzi wengi hukadiria umri wa gari kwa herufi za namba yake. Herufi hizo huonyesha zamu ya kusajiliwa hapa Tanzania. Gari lililoingia nchini likiwa limekwisha kutumika ughaibuni huwa na umri mkubwa kuliko namba yake inavyodokeza. Mwaka wa kutengenezwa usomwe kwenye kadi.

2. Kasoro za kuvumilia na kasoro za kukataa

Kasoro za kuvumilia ni zile ambazo kipuri chake kinafahamika, bei yake inaulizika dukani, na kazi yake inafanyika kwa vifaa vya kawaida. Hizi ni pamoja na betri iliyokufa, plagi zilizochoka, pedi za breki zilizokwisha, shokapu zinazovuja, rejeta iliyotoboka, taa zilizovunjika, viti vilivyochanika na rangi iliyopauka. Kwa mnunuzi mwenye subira, kasoro za namna hii ndizo zinazoshusha bei kwa faida yake.

Kasoro za kukataa ni zile zisizo na mwisho unaojulikana. Kutu iliyokula chasisi au sehemu zinazoshikilia magurudumu huhitaji kukata na kuchomelea chuma, na kazi mbovu hapo huhatarisha maisha. Injini iliyochemka mpaka silinda hedi ikapinda, giaboksi ya otomatiki inayoteleza, gari lililozama katika mafuriko na gari lililopinda kwa ajali zote ni za kundi hili.

Aina ya gari nayo ina uzito wake. Toyota Corolla au Carina ya zamani ina vipuri vipya na vya mtumba katika maduka ya Kariakoo na mikoani, na mafundi wanaoizoea ni wengi. Gari la kifahari lisilo la kawaida huuzwa rahisi kwa sababu kipuri chake ni adimu.

3. Namna ya kukagua

Nenda mchana, pasipo mvua, na ufike injini ikiwa baridi. Gari lililokwisha kupashwa moto huficha ugumu wa kuwaka. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya maziwa huashiria kuwa maji yameingia ndani ya injini. Washa, kisha utazame bomba la moshi. Moshi wa bluu humaanisha injini inaunguza oili. Moshi mweupe usiokoma hata injini ipatapo moto huashiria maji yanayoungua. Moshi mweusi huonyesha mafuta yanayozidi.

Pitisha sumaku ndogo juu ya bodi ya chuma. Mahali isiposhika pana puti nene. Inua zulia la sakafuni: tope, harufu ya uvundo na kutu kwenye reli za viti ni dalili za mafuriko. Ikiwa mita inasoma kilomita chache ilhali pedali zimelika na usukani umesuguka, usiiamini mita. Kama hujui kupima mgandamizo wa injini, mlipe fundi asiye na uhusiano na muuzaji wala dalali.

4. Fanya hesabu nzima

Tuchukue mfano wa magari mawili. La kwanza linauzwa shilingi 4,000,000, nalo linahitaji betri, breki, shokapu na tairi, jumla 1,300,000. La pili linauzwa 2,500,000, lakini linataka injini ya mtumba ya 2,000,000, kazi ya fundi ya 600,000 na kuziba kutu kwa 900,000. La kwanza litakugharimu 5,300,000 na la pili 6,000,000. Lililoonekana rahisi ndilo ghali. Juu ya jumla yoyote ongeza gharama za kubadilisha umiliki, bima na akiba ya dharura, kwa maana gari chakavu halikosi la kuzuka.

5. Haki yako na mipaka yake

Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inamtaka muuzaji awe na haki ya kuuza anachokiuza. Hata hivyo, mnunuzi aliyeikagua bidhaa hawezi kwa kawaida kulalamikia kasoro ambazo ukaguzi ule ulipaswa kuzifichua. Kwa hiyo usikague kwa kupita tu. Maneno ya muuzaji, kama vile “injini haijawahi kufunguliwa”, yaandikwe katika mkataba na kutiwa saini, na malipo yawe na stakabadhi.

6. Usalama nyumbani

Usiingie kamwe chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi imara penye ardhi ngumu. Usiwashe injini ndani ya chumba kilichofungwa, kwani moshi wake una gesi inayoua bila harufu ya kukuonya. Kazi ya breki uliyoifanya mwenyewe ikaguliwe na fundi kabla ya gari kurudi barabarani.

Maswali ya kujipima

Je, nimeona kadi halisi na kulinganisha namba? Je, kila kasoro niliyoiona ina kipuri na bei ninayoijua? Je, ninaweza kulikamilisha gari hili pasipo kugusa ada ya watoto na chakula cha nyumbani? Jibu moja likiwa “hapana”, liache gari hilo lipite.