Timbo la Mawe la Bamburi: Jinsi Nchi Iliyokufa Ilivyofufuliwa

Msafiri atokaye kisiwa cha Mombasa kwa njia ya Malindi, akiisha kupita Nyali, hufika Bamburi, na hapo upande wa kushoto huona msitu. Chini ya miti yake mna kivuli na udongo mweusi. Twiga hula majani, viboko hujilaza majini, na ndege wa namna nyingi hujenga viota. Mgeni asiyeambiwa habari zake hudhani kuwa msitu huo ulikuwapo tangu enzi za mababu. Kumbe, mwaka 1970 mahali hapo palikuwa timbo la mawe lililokwisha kuchimbwa likaachwa, jeupe na tupu kama kiganja cha mkono.

Katika somo letu la juma hili tutaeleza jinsi timbo hilo lilivyopata kuwako, na jinsi lilivyorudishiwa uhai. Yafaa kila msomaji aangalie sana mambo haya, kwa maana mashimo ya mawe yako katika sehemu nyingi za nchi yetu, na mengi yao yameachwa wazi mpaka leo.

ASILI YA MAWE YA PWANI

Mawe ya Pwani si kama yale ya Bara yaliyotokana na moto wa milima. Yalijengwa na viumbe hai. Katika bahari yetu wako wanyama wadogo sana wajengao matumbawe. Kila mmoja hujifanyia nyumba ya chokaa, na akifa nyumba yake hubaki, na wengine hujenga juu yake. Zamani sana, yapata miaka 125,000 iliyopita, maji ya bahari yalikuwa juu kuliko yalivyo sasa. Baadaye maji yalishuka, miamba ya matumbawe ikabaki nchi kavu, ikawa mawe ya chokaa.

Watu wa Pwani walijua faida ya mawe hayo tangu kale. Magofu ya Gedi yalijengwa kwa mawe ya matumbawe. Wareno nao, walipoanza kujenga Ngome ya Yesu mwaka 1593, waliisimamisha juu ya mwamba uo huo. Mafundi walichoma mawe juu ya chungu ya kuni ili kupata chokaa ya kujengea na kupakia kuta. Lakini kazi ile ilikuwa ya mikono, na mashimo yake yalikuwa madogo.

Mambo yaligeuka mwaka 1951, ilipoanzishwa kampuni ya kutengeneza saruji huko Bamburi. Mwaka 1954 kiwanda kikaanza kazi. Mawe ya chokaa husagwa, huchanganywa na udongo wa mfinyanzi, kisha huchomwa katika tanuri kubwa yenye moto wa kiasi cha digrii 1,450. Yatokayo humo husagwa tena pamoja na jasi kidogo, na hiyo ndiyo saruji. Saruji hiyo imejenga shule, hospitali, madaraja na nyumba zisizo na hesabu. Basi hatuwezi kusema kwamba kuchimba mawe ni kosa. Lakini yatupasa kukumbuka kwamba kila nyumba ya mawe imeacha shimo mahali fulani.

HALI YA TIMBO

Wachimbaji waliondoa kwanza miti, kisha udongo wa juu, kisha mwamba wenyewe, mpaka wakakaribia maji yaliyo chini ya ardhi. Maji hayo yana chumvi kwa sababu bahari iko karibu. Walipohamia upande mwingine waliacha uwanda mweupe ulioumiza macho kwa mng'ao. Jua liliupiga mwamba ukawa moto mchana kutwa, na upepo wa bahari ulivuma pasipo kitu cha kuuzuia. Hapakuwa na udongo. Mbegu iliyoanguka hapo ilikauka.

Mwaka 1959 alikuwa amekuja Bamburi Bwana René Haller, mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi. Mwaka 1971 alianza kazi ya kulirudishia timbo uhai wake. Hakuanza kwa kupanda miti maelfu kwa maelfu. Alifanya kama mkulima mwenye busara: akajaribu kwanza. Alipanda miche ya aina 26 za miti ili aone ni ipi itakayostahimili. Baada ya miezi michache aina 23 zilikuwa zimekufa. Tatu tu zilisalia: mnazi, mti mmoja wa nchi ya Somalia uitwao kwa jina la kitaalamu Conocarpus lancifolius, na mvinje.

Watu wengine wangalihesabu yale mafu 23, wakasema, "Kazi hii haiwezekani." Bwana Haller alihesabu ile mitatu iliyo hai.

MVINJE NA MSAADA WAKE

Watu wa Pwani wanaujua mvinje, mti mrefu uotao ufukoni, ambao nguzo zake hujengewa nyumba. Hauogopi chumvi wala upepo. Tena una siri mizizini mwake. Mimea huhitaji chakula kiitwacho naitrojeni. Hewa imejaa naitrojeni, lakini mimea mingi haiwezi kuitumia kutoka hewani. Mizizi ya mvinje ina vifundo ambamo vimo vijidudu vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo huinasa naitrojeni ya hewani na kuulisha mti. Mkulima akiing'oa kunde shambani ataona vifundo mfano wa hivyo, ingawa vijidudu vyake ni vya namna nyingine. Ndiyo sababu mvinje uliweza kuishi mahali pasipo udongo.

Mivinje ilikua upesi, na kivuli kikapatikana. Lakini shida mpya ilitokea. Vijiti vyembamba vya mvinje, vilivyo mfano wa sindano, vilianguka vikafunika mwamba kama mkeka, wala havikuoza. Ndani yake mna dawa kali ya namna ile iliyomo katika magome ya mikoko, itumiwayo kutengenezea ngozi. Vijidudu viozeshavyo majani havikuweza kuvishinda. Basi palikuwa na miti, lakini udongo haukupatikana. Na pasipo udongo miti mingine isingeweza kufuata.

KAZI YA JONGOO

Msaada ulitoka kwa mnyama adharauliwaye na wote. Bwana Haller alimwona jongoo mwenye miguu myekundu akila sindano za mvinje. Jongoo huyu twamjua sote: hutokea wakati wa mvua, na watoto humgusa kwa kijiti ili wamwone akijiviringa. Akakusanya majongoo mamia akawatia chini ya mivinje.

Jongoo hutafuna kile ambacho vijidudu vimeshindwa. Kinyesi chake ni laini, na vijidudu hukiozesha kwa urahisi kikawa mbolea. Majongoo wakazaana, na mwaka kwa mwaka tabaka la udongo mweusi likaongezeka juu ya mwamba. Haba na haba hujaza kibaba. Udongo ulipotosha, miti ya asili ya Pwani ilipandwa chini ya kivuli, na mingine ililetwa na ndege, ambao hula matunda na kuzidondosha mbegu waendako. Kisha mivinje mingine ikakatwa kwa nguzo na kuni, nayo miti ya asili ikachukua nafasi yake.

VIUMBE WALIOFUATA

Palipokuwa na majani, wadudu walikuja. Palipokuwa na wadudu, ndege walikuja. Mashimo yenye maji yakafanywa mabwawa, yakatiwa samaki waitwao perege, wakawa chakula. Wanyama wakubwa waliletwa kwa mkono wa binadamu: pofu, choroa, kuro, viboko, twiga na mamba. Katika mwaka 1984 watu wote walifunguliwa njia ya kutembea humo. Mwaka 1987 Bwana Haller alitunukiwa heshima na Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, na baadaye mahali pale pakaitwa kwa jina lake.

Kisa kimoja cha humo kilienea dunia nzima. Mwezi wa Desemba 2004 ndama wa kiboko alionekana peke yake baharini karibu na mlango wa mto Sabaki. Mawimbi makubwa yaliyotokana na tetemeko la ardhi huko Sumatra, tarehe 26 ya mwezi huo, yalikuwa yamemtenga na wenzake. Watu walimwokoa kwa nyavu, wakamleta Bamburi, akapewa jina la Owen. Alipofunguliwa alikimbilia nyuma ya kobe mkubwa sana wa asili ya Aldabra, Mzee kwa jina, ambaye umri wake ulikisiwa kuwa miaka 130. Kobe kwanza hakupenda, lakini baada ya siku chache walikuwa wakila, wakilala na kuogelea pamoja. Mwaka 2007 Owen alihamishiwa kwa kiboko mwenzake wa kike. Kama timbo lile lingalibaki kama lilivyokuwa, yatima huyo asingalipata kimbilio hapo.

FUNDISHO KWETU

Mawe huchimbwa Kilifi na Kwale, huchimbwa Ndarugu karibu na Juja, na mahali pengine pengi. Shimo lililoachwa hujaa maji wakati wa masika. Watoto huingia kuogelea, na wengine hawarudi nyumbani. Mbu huzaana humo, na ng'ombe hutumbukia. Sheria ya mazingira ya mwaka 1999 inataka madhara ya kuchimba mawe yapimwe kabla ya kazi kuanza. Lakini sheria peke yake haitapanda mti.

Hapana shaka kampuni kubwa ina fedha ambazo mwenye shamba la eka mbili hana. Hata hivyo yako mambo manne ambayo kila mtu aweza kuyafanya.

Kwanza, kabla ya kuchimba, udongo wa juu uwekwe kando, usitupwe. Bamburi ilichukua miaka mingi kuutengeneza upya udongo ambao mwenye shamba aweza kuuhifadhi kwa sepetu.

Pili, kingo za shimo zisiachwe wima kama ukuta, bali zichongwe ziteremke, ili aliyeingia aweze kutoka. Na mpaka kazi hiyo iishe, shimo lizungushiwe ua.

Tatu, ijaribiwe miche michache ya aina nyingi, kisha ipandwe kwa wingi ile iliyoishi. Mti ufaao Pwani huenda usifae Bara. Afisa wa misitu aulizwe.

Nne, tusidharau vidogo. Kazi ya Bamburi ilikuwa karibu kukwama, ikakwamuliwa na jongoo.

MASWALI

1. Kwa nini mvinje uliweza kuota mahali pasipo udongo?
2. Sindano za mvinje zilikataa kuoza kwa sababu gani, na jongoo alisaidiaje?
3. Je, karibu na kwenu liko timbo lililoachwa? Ni nani mwenye wajibu wa kulitengeneza, na ni mti gani umekwisha kuota humo wenyewe?

Swali la tatu lisijibiwe kwa kitabu. Wazee na vijana waende pamoja wakalitazame timbo lenyewe, na huo mti uliojiotea, ujapokuwa mdogo, usikatwe.